Faulo Iliyomfukuzisha Mwalimu

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "kocha ni matokeo," nashikwa na kinyaa.

Mwalimu aliyetufundisha mpira wa kikapu pale Mjimwema alikuwa mzaliwa wa Tunduru, na siku hiyo tulicheza na vijana wa Tunduru. Tulikuwa mbele kwa pointi tatu, zimebaki sekunde sita. Mwalimu akapaza sauti tumchezee faulo mwenye mpira. Hesabu hiyo alitukaririsha kila Jumamosi: tukiwaachia watupe kutoka mbali, wanasawazisha, tukicheza faulo, wanapewa mitupo miwili ya pointi mojamoja, na hata wakiingiza yote bado tunaongoza. Wa kwanza uliingia. Wa pili ukagonga ringi ukarudi, wakaudaka wao, mmoja akautupa kutoka mbali huku anaanguka. Ukaingia. Tukafungwa kwa pointi moja.

Kuuwahi mpira unaorudi ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa nimeshaanza kushangilia.

Kamati ya timu ilikaa kesho yake baada ya misa, nasi wachezaji tukaitwa. "Umetuuza kwa ndugu zako," mwenyekiti alimwambia, mtu ambaye mazoezini hatukuwahi kumwona hata kwa bahati mbaya. Mwalimu akajibu taratibu, "Wallahi, Mzee, nikirudishiwa zile sekunde nitafanya vilevile." Wakacheka, eti amekiri mwenyewe. Akatutazama sisi wachezaji mmoja mmoja. Nilijua vizuri kosa ni la nani. Nikainama kama mtu anayefunga kamba za viatu. Walimfukuza kabla chai haijapoa.

Kocha mpya alikuwa shemeji yake mwenyekiti. Mechi yake ya kwanza ikafika palepale: pointi tatu mbele, sekunde chache. Yeye alikuwa ameupa uwanja mgongo, anabishana na mwandika pointi. Hakutuambia kitu. Tukazubaa, mpinzani akatupa kutoka mbali bila mtu kumsogelea. Mpira ukazunguka juu ya ringi, ukatoka nje. Filimbi.

"Huyu ndiye kocha sasa! Ana akili!" mwenyekiti alipiga kelele, machozi yanamtoka. Yule aliyefikiri alikuwa ameshapanda basi na begi lake, huyu aliyegeuka na kuuliza "imekuwaje?" akabebwa juujuu kuzunguka mitaa. Upuuzi mtupu! Lakini paja lake la kushoto lilikuwa limekalia bega langu, na nilikuwa naimba kuliko wote.