Madamu, Huku Tunamjua Kila Mtu

Siku niliyoripoti kazini nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino kirefu. Cheka tu, hata mimi nacheka. Shule ilikuwa juu huko Litembo, kwenye milima ya Mbinga, masika yamepamba moto, njia nzima tope, na viatu vyenyewe nilivibeba mkononi tangu mtoni mpaka ofisini. Mwalimu Mkuu, mzee wa Kimatengo mwenye koti zito na sauti ya chini, alinitazama miguu, kisha uso.

"Karibu, Mwalimu. Utachukua darasa la kwanza."

Nikajua nimeadhibiwa kabla sijakosa. Enzi zile darasa la kwanza alipewa mwalimu mgeni au mwalimu mkorofi, na mimi nilikuwa mgeni. Nikaanza kujitetea kwamba chuoni nilifanya vizuri sana hisabati. Akanikatiza kwa upole, "Mwalimu, wale wa darasa la saba ni wageni wanaoaga. Shule yenyewe ni hawa wadogo." Basi nikaingia darasani na miguu yenye tope, na sikutoka tena kwa wadogo mpaka nilipostaafu.

Ninyi walimu vijana mna vitabu vya rangi na picha za kubandika. Sisi tulikuwa na azimio la kazi, yaani mpango wa muhula mzima, na andalio la somo, ambalo ni mpango wa kipindi kimoja, na zana ulizitafuta mwenyewe. Somo la mwili nilikuwa nafundishia gunia la kahawa. Nilipasua gunia, nikalitandika sakafuni, mtoto mmoja akalala juu yake na sweta lake (Litembo kuna baridi, mtoto havui sweta hata umwambie nini), na wenzake wakamzungushia mkaa toka utosini hadi unyayoni. Akinyanyuka, anamwona mtu wa mkaa amelala pale. Hapo ndipo tunataja: kichwa, shingo, bega, goti. Wengi nyumbani walisema Kimatengo tu, kwa hiyo Kiswahili cha mwili walikipata pale kwenye gunia.

Tukimaliza kutaja, kila mtoto alisema anapenda nini katika mwili wake, na kwa nini. Msione ni mchezo. Mtoto anayeuona mwili wake kuwa kitu cha maana hakubali uchezewe hovyo. Kulikuwa na Kasiani, aliyeunguzwa na moto wa jikoni akiwa mchanga, mkono umekunjamana, na kila siku aliuficha ndani ya sweta. Siku hiyo alisimama. Kisha akautoa. "Napenda mkono wangu, kwa sababu uliungua na bado unapalilia." Mama yangu! Niligeukia ubao nikajifanya natafuta chaki.

Ila mtu wetu wa mkaa alikuwa na tatizo. Kati ya tumbo na mapaja palikuwa patupu, nami nilikuwa naparuka kama mtu anayeruka dimbwi. Mwalimu Mkuu alikuwa na tabia ya kusimama dirishani akisikiliza. Kipindi kilipoisha aliniita.

"Mwalimu, yule mtoto wako wa guniani anakojolea wapi?"

"Naona aibu, Mkuu."

"Aibu ni ya kwako. Usiwagawie watoto. Siku daktari akimwuliza panauma wapi, aonyeshe goti?" Halafu akaongeza, "Mficha uchi hazai," akaenda zake kuangalia kahawa ya shule.

Kesho yake nikataja kila kitu kwa jina lake. Darasa liliangua kicheko, kicheko kikaisha, tukaendelea na kidole gumba.

Miaka ikapita, nikahamishiwa Ziwa Nyasa, upande wa Lipingo. Niliteremka na mwanangu mgongoni na masweta yangu yote, na nilipofika nikaona nilivyo mjinga. Joto! Dagaa zimeanikwa kwenye vichanja toka mwisho mmoja wa ufuko hadi mwingine, watoto wako majini kutwa, wanaoga wote pamoja uchi wa mnyama, hakuna anayejali. Nikasema, huku somo langu litakwenda kama maji.

Wapi! Mratibu Elimu Kata, ndiye anayesimamia shule zote za kata, alituletea picha kubwa za somo la usalama wa mtoto. Mratibu alikuwa kijana mwema, mchapakazi, lakini picha zilitoka mjini. Zilionyesha mwanamume amevaa miwani myeusi, yuko ndani ya gari, anamnyooshea mtoto peremende. Chini imeandikwa: usikubali kitu kwa mtu usiyemjua. Nikaitundika, nikauliza, "Akija mtu huyu, mtafanya nini?"

"Tutapanda gari!" darasa zima.

Na kweli wangepanda. Gari lilipofika kijijini kwetu, watoto walilikimbilia toka shule mpaka kanisani. Nikawatuliza, nikaeleza upya habari ya mtu usiyemjua. Ndipo akanyoosha kidole msichana wa darasa la pili, Anyesi, mwembamba, mwenye maswali.

"Madamu, mtu tusiyemjua ndiyo nani? Huku tunamjua kila mtu."

Alikuwa anasema kweli. Pale kila mwanamume ni baba mdogo, au mjomba, au babu. Hata mchuuzi aliyetoka mbali kununua dagaa, akilala siku tatu ameshakuwa shemeji. Ningewafundisha kumwogopa mgeni, na mgeni hayupo.

Niliishusha ile picha. Nikawaambia, sisi hatutazami ni nani, tunatazama anafanya nini. Mtu mzima akikushika usipotaka, au akikwambia jambo halafu akasema usimwambie mama, huyo awe nani awaye, unasema "Sitaki!", unaondoka, unamwambia mtu mkubwa unayemwamini. Asipokusikia, unamwambia mwingine. Tukafanya mazoezi. "Sitaki" zilikuwa zinapigwa hadi kina mama kule kwenye vichanja wanacheka, "Leo Madamu anawagawia nini kibaya hivyo?"

Sasa, Anyesi alikuwa anaishi na bibi yake na babu yake, Mzee Barnaba, mzee wa kanisa, mvuvi wa siku nyingi. Nilimpenda mzee huyu, nasema wazi. Akipata mbasa mzuri, samaki wa ziwa letu, walimu tulikumbukwa. Anyesi alipougua malaria alimbeba mgongoni mpaka zahanati, uzee wake wote ule. Na mnajua utani wa babu na mjukuu: alimwita "mke wangu". Akimwona tu, "Mke wangu, umenipikia nini?", anamnyanyua juu, anamfinya mashavu, watu wanacheka. Hakuwa na baya lolote moyoni. Babu zetu wote walitufanyia hivyo.

Jumapili moja, watu wametoka ibadani, Mzee Barnaba akafungua mikono pale nje. "Mke wangu, njoo!"

"Sitaki!" Anyesi alipiga kelele ileile ya darasani, akarudi nyuma.

Watu walicheka, halafu wakaacha kucheka. Mzee alibaki amefungua mikono mbele ya kanisa zima.

Jumatatu yuko ofisini na fimbo yake. "Mwalimu, ndiyo umemfundisha mke wangu anikane mbele za watu?" Akasema Anyesi hatahudhuria tena somo langu wala hatakuja kwangu, na akaitisha kamati ya shule ili somo lenyewe lifutwe. Mratibu akanivuta pembeni, "Dada, liache kwanza, mambo yapoe." Nilijua likiachwa kwanza, limeachwa moja kwa moja.

Kamati ilikaa darasani, wazee kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Mzee Barnaba alisimama. "Sisi tumelea kabla ya Madamu hajaja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Leo mtoto anamwambia babu yake sitaki, kesho atamwambia nani shikamoo?" Vichwa vikaitikia, wanaume kwa wanawake. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mpole, akanigeukia nijibu.

Hotuba niliyoiandaa yote ilinitoka. Nikasema tu, "Babu, umemwuliza mwenyewe?"

Wakaguna. Mtoto aulizwe kikaoni? Lakini mzee, nimpe haki yake, akasema, "Na aitwe."

Anyesi akaingia, akapiga goti, akaamkia watu wote. Mwenyekiti akamwuliza kwa nini alimkatalia babu. Akanitazama mimi. Nikamwambia, "Mwambie babu, siyo mimi."

"Yule mchuuzi naye ananiita mke wangu," akasema.

"Mchuuzi gani?" babu akauliza.

"Anayenunua dagaa, aliyepanga kule ufukoni. Anasema twende nyuma ya vichanja atanipa biskuti. Akasema nisimwambie mtu, kwa sababu hata babu ananiita hivyo, ni utani tu."

Mzee Barnaba alipouliza tena, sauti haikuwa yake. "Ulikwenda?"

"Sikwenda. Nilisema sitaki, nikakimbia. Nikamwambia bibi, akasema ni utani. Nikataka nimwambie Madamu, ukaniambia nisiende kwake." Akatazama chini. "Sasa nikisikia mke wangu, tumbo linaniuma. Hata ukisema wewe, babu."

Mzee alikaa. Mwenyekiti hakungoja ajenda nyingine. Alimtuma mtu kwa Mtendaji wa kijiji papo hapo. Mchuuzi alikutwa anafunga magunia yake, wakampeleka polisi. Jioni hiyo kina mama wakawauliza watoto wao, kila mmoja nyumbani kwake, na wawili zaidi walikuwa wameahidiwa biskuti zilezile. Mungu ni mwema, hakuna aliyekuwa amekwenda. Habari ya kufuta somo haikutajwa tena.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Pale darasani, watu walipokuwa wanatoka wakigombana kwa sauti za chini, Mzee Barnaba aliinuka akamwendea mjukuu wake. Akachuchumaa mbele yake, fimbo ameilaza chini, mikono ameiweka kwenye magoti yake mwenyewe. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Basi mama, nikuite nani?"

"Niite Anyesi."

"Anyesi."

"Abee, babu."

Nimekaa kazini maisha yangu yote, nimewaona Maafisa Elimu na Wathibiti Ubora, hao wanaokagua ufundishaji, wakija na magari na kuondoka. Somo bora kuliko yote niliyowahi kuona lilifundishwa na watu hao wawili, mimi nimesimama karibu na mlango.

Sasa nimestaafu, niko Mbinga na migomba yangu na kahawa kidogo. Walimu vijana wakija kunisalimu huniuliza siri ya kufundisha somo hili. Hakuna siri. Kumwambia mtoto "mwili wako ni wako" ni kazi rahisi, hata kasuku ataweza. Kazi ni siku mtoto anapokuamini.

Mwezi uliopita mwanangu na mkewe walimleta mjukuu wangu wa kike, nilikuwa sijamwona tangu alipokuwa mchanga. Nilikuwa nimepika toka asubuhi, nimewaita mashangazi wote. Mtoto aliposhuka garini nikafungua mikono. Akajificha nyuma ya mama yake. "Sitaki, Bibi."

"Ala! Mtoto gani huyu hana adabu? Mkumbatie bibi yako!" mashangazi wakaja juu, mmoja tayari anamsukuma mgongoni.

"Mwacheni," nikasema, nikaishusha mikono yangu. Iliniuma, jamani, sitawadanganya. Niliingia jikoni nikapepea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Jioni nilikuwa kibarazani nachambua maharage. Akaja, akasimama, akatazama. Akachukua moja bovu, akalitupa. Halafu akaketi, akaniegemea ubavuni, kidogo kidogo, mpaka uzito wake wote ukawa kwangu. Giza likaingia, mashangazi wakaita chakula, miguu yangu ikafa ganzi, nami sikusogea.