Ivy Anacheka Bila Sauti

Nitawaambia jambo ambalo hata mimi niliyeliona kwa macho yangu, ningelisikia kwa mtu mwingine, ningemwita mwongo mchana kweupe. Dada yangu Ivy Tattersall, anayeogopa hata kupanda kiti kubadilisha balbu, aliokoa filamu nzima ya sinema akiwa juu ya ngazi, na hakutoa hata sauti ya kukohoa. Haya, guneni. Nimezoea.

Ivy ni mfumaji. Ana miaka thelathini na mmoja kwenye kiwanda cha nguo hapa Oldham, na mashine za mle zinanguruma hivi kwamba ukimpigia mwenzako ukelele sikioni, anakuuliza umesemaje. Kwa hiyo wanawake wa kiwandani huzungumza kwa midomo mitupu. Huitanua, huikunja, na watu wakasengenywa kutoka ukuta hadi ukuta bila neno kusikika. Mimi nilisoma mpaka shule ikanichoka, lakini lugha hiyo ndiyo kitu pekee kilichonishinda duniani.

Sasa, palikuwa na mchezo wa televisheni wa msafisha mabomba ya moshi na wanawe wawili wavivu. Ulirekodiwa Manchester mbele ya watazamaji, na Ivy hakukosa. Kicheko chake ni cha bata bukini aliyekanyagwa mkia. Mzee Cyril Hargreave, aliyeigiza yule baba, alikipenda hata akawa anamtumia tiketi kila wiki.

Mwaka ule wa sabini na mbili, mchezo wowote uliochekesha watu ulikuwa lazima utengenezewe sinema, na huo nao ukatengenezewa. Wakaja kupiga picha mtaani kwetu. Cyril akapandishwa kwenye paa la Bi Fothergill na brashi yake ya masizi.

Hapo ndipo hofu ilipoanza. Sinema hupigwa bila watazamaji wa kucheka. Cyril alisema neno lake la kwanza, akanyamaza kungoja kicheko kama alivyozoea. Kimya. Akajaribu tena. Kimya. Mara ya tatu sauti ilimtetemeka, na kijasho kikachora mistari kwenye masizi ya usoni. Mwongozaji, kijana wa London mwenye skafu, akapaza sauti mtaa mzima ukasikia:

"Mara moja ya mwisho, Bwana Hargreave. Ikishindikana, kesho anasimama mwingine hapo."

Cyril akang'ang'ania bomba la moshi. "Niitieni Ivy," akasema.

"Akicheka ataniharibia sauti!" akafoka fundi wa vipaza sauti.

"Hatacheka kwa sauti," nikasema mimi. "Huyu ni mfumaji, bwana."

Wakaegemeza ngazi kwenye nyumba ya upande wa pili ili Cyril amwone uso kwa uso. Ivy akawa mweupe kama unga.

"Len, siwezi. Miguu hii si yangu."

"Usitazame chini tu, dada."

"Chini sina shida nako, mjinga wewe! Juu ndiko kunakonitisha!"

"Ukianguka, Ivy," akaita Bi Fothergill kutoka mlangoni, "paka wako nitamlea mimi!"

"Umlee! Mumeo mwenyewe umeshindwa kumlea!"

Lakini akamtazama yule mzee kule juu, peke yake, amelikumbatia bomba. Akapanda. Kila kipago alikikumbatia kwa mikono miwili, na ngazi ikawa inagonga ukuta, ko, ko, ko. Alipofika juu alifumba macho, na nikadhani hayatafumbuka tena.

Akayafumbua. Ng'ambo ya pili, Cyril naye alikuwa ameganda, anatazama mawe ya barabara huko chini. Ivy akapunga skafu yake mpaka mzee akainua kichwa, kisha midomo yake ikatanuka na kukunjika.

Na Cyril akamjibu! Yule tuliyemdhania bwana mkubwa, mwenye sauti laini kama siagi! Kumbe mama yake alikuwa mfumaji kule mji wa Nelson. Baadaye Ivy alinitafsiria.

"Nitazame mimi," alimwambia.

"Naogopa, mama."

"Mimi pia. Sema tu."

Kamera ikaanza. Cyril akasema neno lake, na Ivy akacheka. Hapakusikika kitu. Mabega yalipanda na kushuka, tumbo likaruka, machozi yakamtiririka, na ngazi ikaanza kuteleza kwenye mawe. Mtaa mzima tulishika vinywa. Hakuna aliyethubutu kupiga kelele kumwonya, maana kelele moja ingemfukuzisha kazi yule mzee. Ivy alihisi ngazi inakwenda, niliona vidole vyake vikibana. Hakuacha kucheka. Cyril akangoja kicheko kiishe, sawasawa, kisha akatoa neno la pili, na la tatu.

"Imepatikana!" akasema mwongozaji.

Ngazi ilikwama kwenye ufa wa mawe, lakini Ivy sasa hakuweza kushuka. Vidole vilikuwa vimekakamaa. Basi nani mwingine angekwenda? Nikavua koti, nikaipanda ngazi ile, futi themanini kamili, upepo ukivuma kama wa baharini, nikambeba begani kama gunia la makaa, mkono mmoja nimeshika kikombe cha chai, na sikumwaga hata to—

"Leonard Tattersall! Ngazi haikufika hata futi ishirini, na wewe ulikuwa chini umefumba macho, unanililia nishuke nikushike mkono!"