Faiba ya Jirani

Nakumbuka alasiri moja ya baada ya mavuno kule Kishapu, nilipokuwa binti mwenye kiuno chepesi na mdomo mwepesi zaidi, kundi letu la ngoma lilikimbiwa na watu. Mwanangu, ninyi wa siku hizi huenda hamyajui mashindano yale. Makundi mawili yalicheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na hapakuwa na mwamuzi wa kupuliza filimbi. Waamuzi walikuwa watu wenyewe, kwa miguu yao. Waliokupenda walikuzunguka, waliokuchoka walihamia upande wa pili, nawe unawaona wakienda huku unaendelea kucheza na kutabasamu.

Siku ile wenzetu walimtoa chatu kwenye kapu, mchezaji akamvaa shingoni kama skafu. Tukabaki na wazee wachache na mbwa. Sikulala vizuri kwa wivu. Asubuhi yake vijana wa kundi tulibeba gunia na fimbo, tukaelekea kwenye mawe kutafuta chatu wetu, tena awe mnene kuliko wa kwao. Mwenye kelele kuliko wote nilikuwa mimi.

Tulikutana njiani na ningi wetu, maana ndivyo Wasukuma tunavyomwita kiongozi na mtunzi wa nyimbo za kundi. Mzee Ngasa hakuwa mtu wa kufoka. Alilitazama gunia, akatutazama sisi.

“Jana nilisimama nyuma ya watu,” alisema. “Walianza kuondoka kabla chatu hajatoka kwenye kapu. Mliwaimbia nyimbo za mwaka jana. Haya, mleteni huyo chatu. Watakuja wamtazame, kisha wataondoka tena, nanyi mtabaki na nyoka wa kulisha.”

Tulirudi nyumbani tumenuna. Mimi nilisema mzee amezeeka. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu liliendelea kuwa hivyo miaka mingi, kama utakavyoona.

Nakuambia haya wewe, ninayekuita mwanangu ingawa sikukuzaa, kwa sababu umenipigia kutoka Kahama ukiniuliza kama uachane na kile kiruta cha intaneti ya laini ya simu uvute faiba, ile ya waya, nyumbani, na ukaongeza kwamba jirani yako ameshavuta na mkeo hana raha. Ungeishia kwenye faiba ningekujibu kwa neno moja. Ulipomtaja jirani ndipo uliponigusa, kwa sababu mimi nami nina jirani.

Jirani yangu hapa Ibadakuli ni Mama Rehema, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ni mwanamke mwema, na wema wake ndio unaoniudhi, maana mtu mbaya unamchukia ukapumzika. Yeye ndiye wa kwanza mtaani kwetu kuvuta faiba. Mafundi walichimba, wakapitisha waya mbele ya lango langu kama vile mimi si mtu, wakaingia kwake. Nilikuwa barazani na cherehani yangu, nashona sare za shule, na mshono wa siku hiyo ulikwenda upogo.

Sasa, unajua ninamlea mjukuu wangu Kabula, kwa kuwa mama yake, binti yangu Minza, anapika kwenye kambi ya mgodi kule Geita. Jioni Minza alikuwa anapiga simu ya video. Kiruta changu kilikuwa kinakwama kila wakati: uso wa binti yangu unaganda mdomo wazi, sauti inakuja baadaye, halafu kinazunguka tu. Basi Mama Rehema akampa Kabula neno la siri la waifai yake. Mtoto akawa kila jioni anavaa ndala, anavuka, anakwenda kuongea na mama yake kwenye sebule ya mwenzangu. Nilisema ahsante. Ulikuwa msaada, siwezi kusema haukuwa. Lakini msaada mwingine unakusaidia huku unakunyang'anya.

Siku moja tulikutana kwenye mashine ya kusaga.

“Mwangaluka, Mama Minza,” akanisalimu. “Pole na mgonjwa. Nashukuru Minza ameshang'olewa lile jino. Jana alikuwa anacheka vizuri kabisa.”

Mwanangu, mimi niliyemzaa Minza sikujua kwamba alikuwa na jino bovu. Nilijibu, “Tumeshapoa, wabeja,” nikimshukuru kama mtu anayejua, nikajitwika unga wangu nikaondoka. Njia nzima nilikuwa naongea peke yangu. Jino la mwanangu, habari yake naletewa na mwenye duka la misumari.

Kijana wa kampuni ya faiba alipopita na kizibao chake kuuliza nani mwingine anataka kuunganishwa, nilimwita kabla hajamaliza shikamoo yake. Sikumuuliza inafaa kwa kazi gani. Sikumuuliza umeme ukikatika inakuwaje, wala ofa ikiisha bei inakuwaje. Nilimuuliza jambo moja: “Yule pale ana ipi? Mimi nataka inayoizidi.” Akatabasamu. Muuzaji hana haja ya kubishana na mtu mwenye wivu.

Ikaja. Nikaiweka ruta juu ya kabati, kwenye kitambaa nilichofuma mwenyewe, nikaigeuzia dirishani ili taa zake zionekane kutoka upande wa pili.

Jioni ile Minza akapiga. Ee Mungu, picha ilikuwa safi. Nilimwona hadi kovu la tetekuwanga kwenye paji la uso wake. Kabula akaanza kumsimulia habari za shule, nami nikaichukua simu mkononi mwake. Mbona umekonda hivyo? Jino umeng'oa bila kuniambia, kwani mimi nimekufa? Likizo iliyopita ulikuwa wapi? Na yule mwanaume wa gari la maji, bado mnaongea? Safari hii hakukuwa na kukwama. Kila neno langu lilimfika papo hapo, na nililiona linavyomfika. Akaangalia pembeni.

“Mama, naomba umpe Kabula simu,” alisema.

Kesho yake jioni Kabula akavaa ndala.

“Unakwenda wapi?” nikamuuliza. “Si tuna yetu sasa?”

“Kwa Mama Rehema.”

“Hapa inakwama?”

“Haikwami, Bibi.” Alikuwa anachezea kamba ya ndala. “Mama ndiye amesema niende kule. Amesema hapa kila akipiga ni kesi.”

Hakusema kwa ubaya. Mtoto alikuwa anapeleka ujumbe alivyopewa. Nilikaa pale nikaona aibu, kisha hasira ikaja juu ya aibu kuifunika, nikajifunga khanga nikavuka kwenda kugombana. Nilimkuta Mama Rehema anamenya viazi, wala hata simu hakuwa anaitazama. Kabula alikuwa kwenye kochi, anacheka na mama yake.

“Huwa mnaongea nini na binti yangu?” nikasema, bila hata hodi ya maana.

Akashangaa kidogo. “Mimi? Siongei naye kitu, Mama Minza. Nikipita namsalimia. Akitaka kunisimulia ananisimulia, asipotaka naendelea na viazi vyangu. Karibu ukae.”

Nilikosa pa kuushika ugomvi. Nikakaa, nikamenya viazi naye.

Tangu hapo Minza akipiga nyumbani nakaa kwenye cherehani na pini za kushonea nimezibana mdomoni, maana bila pini siwezi kujizuia, ninajijua. Siku nyingine Kabula anaongea hapa, siku nyingine anavuka. Juzi Minza, bila kuulizwa, aliniambia kwamba kazini wanaweza kumhamishia jiko kubwa, na anaogopa. Nilitoa pini nikasema, “Pole mama, utaweza,” nikazirudisha. Nilijisifu hadi nilipogundua kwamba Mama Rehema aliambiwa siku moja kabla yangu. Niliumia. Nimeumia hata sasa ninavyokusimulia. Wivu wa mtu mzima hauondoki kwa kuusimulia, usidanganywe.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Faiba ni kitu kizuri. Kama wewe unafanyia kazi nyumbani na watoto wanasoma kwa mtandao, na kiruta kinawachelewesha, vuta, wala usingoje ruhusa ya mtu. Uliza bei ya baada ya ofa. Kile cha laini usikitupe, kina betri yake, kitakufaa umeme wa mtaani ukisumbua. Lakini kabla ya kumwita fundi, kaa na mkeo muulizane jirani anawapita nini hasa. Labda ni kasi, na hiyo inauzwa. Labda kwake watu wanacheka, na kwako wanahojiwa. Hilo hakuna fundi anayelivuta kutoka kwenye nguzo. Na kama mkeo hana raha, mwulize kwanza, umsikilize mpaka amalize, usije ukamletea waya wakati alitaka maneno.

Mungu awape riziki ya halali na majirani wema, ingawa wema wao utawaudhi. Abariki mikono ya mkeo na akili za watoto wenu. Na akujalie, mwanangu, jambo ambalo mimi bado naliomba: siku watoto wako watakapokuwa mbali na jino likawauma, wa kwanza kumpigia simu awe wewe.