Fundi Sikio na Gari Lisilonguruma

Tik. Kimya kidogo, kisha tik. Sauti hiyo ilitoka ndani ya lori lililokuwa likipita nje ya karakana, na kijana aliyekuwa akisafisha plagi akainua kichwa, akatoka mbio, akamsimamisha dereva. "Valvu yako inalegea," akamwambia. Dereva alimtukana, akakanyaga mafuta, akakwama kabla ya kufika darajani. Alirudi kwa miguu, jasho likimtoka, akiuliza, "Yuko wapi yule mwenye sikio?"

Tangu siku hiyo jina ambalo kijana alipewa na wazazi wake likabaki kwenye vyeti tu. Mtaani akawa Fundi Sikio. Alipofungua karakana yake mwenyewe hakuandika neno hata moja kwenye bango. Alichorewa sikio kubwa jekundu, na mchoraji, kwa sababu anazozijua mwenyewe, akalivika hereni.

Watu walimletea magari kama wanavyopeleka wagonjwa. Yeye aliinama, akalaza sikio juu ya boneti, akafumba macho, na alipoyafumbua ugonjwa ulikuwa umeshajulikana. Hakuwa na makuu. Alikunywa chai yake, alilipa kodi ya pango, na alimpenda mkewe, fundi cherehani ambaye chumba chake cha kushonea kilikuwa palepale uani mwa karakana, chini ya mteremko, karibu na geti.

Kisha sikio likaanza kumtoroka. Lilianza la kushoto, kama taa inayopunguzwa utambi, na la kulia likafuata kwa unyenyekevu. Hakumwambia mtu. Mwimbaji akipotewa na sauti huonewa huruma. Mtu anayeitwa Sikio akipotewa na masikio huchekwa, na kicheko kile kingehama na wateja wote mpaka karakana ya ng'ambo ya barabara. Basi akajifunza ujanja. Alitandaza kiganja kwenye boneti na kusoma mtetemo, huku akimdadisi mwenye gari mpaka mwenyewe ataje kasoro bila kujua kwamba ameitaja. Kisha akafumba macho. "Nasikia," akasema. Sifa zikazidi. Kadiri alivyosikia kidogo, ndivyo watu walivyoapa kwamba hapajatokea sikio kama lile.

Hata mkewe hakuambiwa. Akiitwa mara tatu bila kuitika, alisema alikuwa anawaza.

"Siku hizi unawaza sana, baba watoto," mkewe alimwambia. "Kama umepata mke wa pili sema tu, nimshonee gauni."

Hapo ndipo mjane mmoja alipoleta gari juu ya lori la kubebea magari mabovu. Lilikuwa gari la mbio la zamani, jekundu, fupi, lisilo na paa, lenye kiti kimoja cha kuendesha na kingine cha kusifia. Injini ilikuwa imepasuka, na vipuri vyake havitengenezwi tena popote.

"Nataka liwe la umeme," mjane alisema.

"La umeme, mama?"

"La umeme. Marehemu akiondoka nalo mtaa mzima ulijua. Akirudi, alilizima kule kona na kulisukuma, ili mimi peke yangu nisijue karudi lini. Sasa ni zamu yangu. Nataka kutoka bila kumuaga mtu."

Fundi Sikio alikubali upesi mno. Gari lisilo na sauti! Nani angemuuliza linalia nini? Alijiona kama mtu aliyekuwa akizama, akakanyaga mchanga.

Akamwita shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi umeme mwenye mdomo usiolala. Wakang'oa injini, wakauza tangi la mafuta, wakatupa bomba la moshi. Walinunua mota na betri za gari la umeme lililopata ajali, wakazipanga betri pale palipokuwa na injini, nyingine kwenye buti. Mota wakaiunga na giaboksi ileile ya zamani, maana mjane alitaka kushika gia aliyokuwa akiishika marehemu. Kazi ilikwenda vizuri. Lililowasumbua ni maneno.

"Limewaka?" Sikio aliuliza, akiwa nyuma ya usukani.

"Haliwaki hili, shemeji. Ukiona limewaka, kimbia!"

"Sasa niseme nini?"

"Sema lipo tayari."

"Haya. Lipo tayari. Nakanyaga mafuta."

"Mafuta gani? Tangi si umeliuza mwenyewe?"

Siku ya kulijaribu watu walijaa uani. Mjane alivaa miwani myeusi. Sikio alilitoa gari taratibu, akazunguka nalo mtaa, akarudi, akalipandisha hadi juu ya mteremko na kuligeuza litazame geti. Likapita mbele za watu kama wazo. Alipolisimamisha, shemeji akazima swichi kuu, na wote wakamtazama mwenye sikio. Hakuwa na njia ya kukwepa. Akainama, akalaza sikio juu ya boneti, akafumba macho.

"Unasikia nini, fundi?" mtu akauliza.

"Umeme unavyopita," akajibu. "Umetulia kabisa."

Watu wakapiga makofi. Shemeji, aliyejua kwamba hakuna umeme uliokuwa ukipita popote, akainama ghafla kufunga kamba za viatu vyake vya ndara.

Kosa lilikuwa limeshafanyika. Tangu alipojifunza kazi, Sikio aliliacha gari mlimani kwa namna moja tu: analiingiza gia ya kwanza, anashuka. Injini hulishika gari, hata ikiwa imezimwa. Waya wa breki ya mkono ulikuwa bado haujakazwa, na hakujali, kwani gia ipo. Lakini injini haikuwepo. Mota ikizimwa haishiki kitu. Huzunguka tu, kwa adabu, ikifuata magurudumu. Alipokuwa ameliinamia, uzito wake ndio uliolizuia; sasa alikuwa amesogea pembeni na kuligeuzia mgongo, akipokea pongezi, lilipoanza kushuka.

Kule chini mkewe alikuwa ametoka chumbani amekumbatia mto wa kiti aliomaliza kuushona, akaliona linakuja. Angeweza kuruka pembeni. Lakini mke wa mtu anayesikia kila kitu huita kwanza.

"Baba watoto!" akaita. "Baba watoto, gari!"

Sikio alikuwa akimweleza mjane habari za betri. Aliendelea kueleza.

Shemeji ndiye aliyekimbia, akajitupa ndani ya gari miguu ikiwa juu, akaikandamiza breki kwa mikono. Wakati huo bampa ilikuwa imeshambana dada yake kwenye geti, na mto uliokuwa katikati ndio uliomwokoa. Goti tu liliumia.

Walipoona yuko salama, watu walivunjika mbavu. "Hata Sikio hakulisikia!" mmoja akapaza sauti. "Gari gani hili, jini?" Mjane akavua miwani, uso ukimng'aa. "Halisikiki kabisa? Ndilo nililotaka!" Papo hapo jamaa wawili wakauliza kama nao wanaweza kufanyiwa hivyo magari yao. Hakuna aliyemlaumu. Jina lake lilikuwa limepita katikati ya moto na halikuungua hata ukingo.

Jioni, akiwa ameshasimuliwa na shemeji jinsi mkewe alivyoita, alikaa chumbani kwa mkewe, kati ya vitambaa na cherehani, akilikanda lile goti kwa kitambaa cha maji baridi. Lilikuwa limevimba kama andazi. Mkewe alimwekea mkono begani, akainama karibu na sikio la kulia, kama alivyokuwa akifanya kwa muda mrefu bila kusema kwa nini.

"Usijilaumu bwana," akamwambia. "Lile gari halina sauti. Nani angelisikia?"

Kilichobaki kilikuwa kuitikia kwa kichwa, na kwa hilo alikuwa bingwa. Fundi alikikamua kitambaa, akakikunja, akakiweka tena juu ya goti. Kisha akasema, kwa sauti ndogo ambayo hata yeye mwenyewe hakuisikia:

"Si gari, mama watoto. Ni wewe. Uliniita, nami sikukusikia."