Pua Yangu Ilikufa, Nikanyamaza

Korona iliyomuua dada yangu nilimpa mimi. Si jirani, si uchawi. Ni mimi! Anayetaka kunitukana aanze sasa, nimezoea.

Shule niliachia darasa la tano. Nilianza na mkungu mmoja wa ndizi, nikaubeba kichwani mpaka soko la Ogembo. Leo nina stoo na lori. Na yote nimepata kwa pua hii! Nikiingia stoo ya kuivishia ndizi nanusa tu, nakwambia: hizi zitaiva kesho, hizi bado. Hata wenye digrii walikuja kuniuliza.

Wakati ule wa korona, nikaamka na kikohozi kikavu, mwili unauma. Nikasema ni baridi tu. Nikaingia stoo, nikanusa. Wapi! Nikabandika ndizi iliyoiva puani. Hakuna kitu!

Redio ilishasema hiyo ni dalili. Nilisikia kabisa, siwezi kudanganya. Lakini mimi, niseme pua imekufa? Soko zima lingenicheka!

Nikamwita dada yangu mkubwa, aliyenilea mama alipofariki, aje aninusie. Stoo ya kuivishia haina dirisha, na mlango unafungwa joto lisitoke. Nikaufunga. Yeye akanusa mkungu baada ya mkungu, mimi nakohoa hapo nyuma yake.

"Kwani leo pua yako imeenda wapi?"

"Nakupima tu, nione kama umezeeka."

"Unipime mimi? Hiyo pua nimeipangusa kamasi miaka mingapi, wewe!" Akacheka mpaka akashika ukuta. "Hizi za huku, kesho."

Wiki haikuisha, homa ikamlaza. Kikohozi. Halafu pumzi ikawa haba, akiongea maneno mawili anapumzika. Hospitali wakamwekea oksijeni. Daktari akaniuliza, "Nyumbani kuna mtu asiyesikia harufu?" Nikaangalia viatu vyangu.

Hakurudi. Jamani, hakurudi!

Matangani watu wachache, mambo haraka haraka. Nikasikia wanawake wananong'ona kwamba ni jirani yake, yule mjane, amemroga. Hapo nikasimama. "Mwacheni huyo mama! Nilikuwa mgonjwa, nikajifungia na dada yangu stoo, nikamkoholea." Mjomba akanivuta koti, "Keti chini, unatuaibisha." Sikuketi! Kuna wateja walinihama siku hiyo. Waende!

Stoo nilikuwa sijaigusa tangu augue. Baada ya mazishi nikaifungua, na mlangoni tu pua ikafufuka. Kitu cha kwanza kunusa kilikuwa uozo. Ni zile ndizi za huku, alizosema kesho.

Bado najivunia pua hii, sitajifanya mnyonge mbele ya mtu. Lakini wewe unayejiona dume kama mimi, ukikohoa, ukikosa kusikia harufu, sema siku hiyo hiyo. Vaa barakoa, kaa mbali na watu wako, fungua mlango upepo uingie. Wakikucheka, wacha wacheke.

Dada yangu pia alicheka. Mlango niliufunga mimi.