Mbwa Kipofu wa Memsahibu

Nina malori na hoteli hapa Nyeri, na hakuna aliyenishika mkono. Hata Kiingereza nilijifundisha, ingawa watu niliwaambia nilisomea Ulaya. Mzee Wachira aliamini, akaniahidi uenyekiti wa kamati ya shule. Wiki jana akanipeleka kwa Memsahibu, mjane wa Kizungu, nimwombe kiwanja cha shule. Mama huyo alinijua zamani, lakini siku hizi nina tumbo na suti.

Niliongea mpaka ukungu wa mlima ukaziba dirisha. Nikamalizia kwa madaha: "Let's call it a day!" Yaani tuishie hapo kwa leo. Nikakohoa mara mbili, maana Mwingereza akisema hivyo lazima akohoe.

Chini ya meza mbwa mzee, kipofu, aliamka. Akapapasa njia hadi chumba cha marehemu mume wa Memsahibu, akarudi na slipa, akaiweka miguuni pangu.

Nikarudisha miguu nyuma.

"Hajaigusa tangu Bwana afe," Memsahibu alinong'ona. "Hiyo ni sauti yake. Hata kikohozi."

Akanikazia macho.

"Kamau? Si wewe uliyekuwa ukipiga viatu rangi hapo nje ya mlango?"

"Ati Ulaya?" akauliza Mzee Wachira.

Mbwa akanilalia miguuni, akitikisa mkia.