Beseni la mama pale kivukoni

Enzi zetu, sisi tuliokulia kivukoni, mutoto hakuogeshwa ovyo. Ukitoka kuchezea machimboni, mama anakusimamisha ndani ya beseni, anakusugua mpaka masikio, na yale maji hayamwagwi. Dhahabu ilikuwa kila mahali, kwenye kucha, kwenye nywele. Kinyozi wetu aliwanyoa wachimbaji bure, kisha anafagia zile nywele kama anafagia msikiti. Mji mzima ulizaliwa na dhahabu hiyo. Kabla yake palikuwa na mtumbwi mmoja tu na muzee wa kuvusha watu, aliyetukemea kila siku: "Kaeni chini, mto haujui jina la baba yako."

Mama alifua nguo za wachimbaji bila malipo. Majirani walimcheka: "Mama Zaina, umekuwa punda wa watu?" Yeye aliendelea kusugua. Maji ya kufulia aliyaacha yatulie, matope akayatia kwenye beseni kubwa nyuma ya jiko. Sisi tulikula sombe, yale majani ya muhogo, na samaki, tukashindana kuogelea. Shule niliiacha mwaka wa pili, na leo nina nyumba mbili. Walionicheka wanapanga kwangu.

Ndipo waasi wakaja, wakafunga kivuko. Kila anayevuka anavuliwa mpaka viatu. Wafanyabiashara walificha dhahabu ndani ya mkate, ndani ya sabuni, yote ilichukuliwa. Mama akapandikiza lengalenga, mchicha wetu, juu ya matope yake, akajitwika beseni. Jasho lake lote lilikuwa mle.

Askari wao mmoja akauliza, "Mama, unakimbia vita na udongo?"

"Mwanangu, tunaenda Goma. Kule ni mawe matupu. Mboga nitapanda wapi?"

Wakacheka mpaka wakamsaidia kulipakia mtumbwini.

Huku Goma aliyaosha matope yale polepole, akanunua parsele, kiwanja kidogo, akajenga nyumba ya mbao. Udongo uliobaki hakuutupa. Miaka ikapita, volkano ikashuka. Nilimkuta kwenye barabara ya kukimbilia Mugunga, beseni kichwani, lengalenga zikicheza na upepo, na nyumba yetu nyuma imekwisha kuliwa na moto. Nikamnong'oneza, "Mama, kumbe ilibaki kidogo?"

"Ilibaki nini? Hii ni mboga, mutoto wangu. Kesho tutakula nini?"

Leo wajukuu wangu wanataka lengalenga iliyokatwa tayari, iletwe na pikipiki mpaka mlangoni, nao wamelala na simu. Nikiwaambia wapande, wanauliza, "Muzee, juu ya mawe haya?" Nawaonyesha beseni pale uwanjani. Wanapiga picha, wanarudi ndani.

Mama amepumzika. Beseni limetoboka, nimeliziba kwa lami, na kila jioni lengalenga zake nazimwagilia mwenyewe. Dhahabu ya wale wafanyabiashara wa kivukoni sijui iliishia wapi. Ya kwetu bado tunaila na bugali.